Usalama wa Raia ni Ajenda ya Baraza: Wajibu wa Halmashauri katika Kufuatilia Mwenendo wa Uhalifu

   

 Waheshimiwa Madiwani, nimepewa saa moja, na Mwenyekiti wa mkutano alinionyesha saa yake kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo niingie kwenye jambo lenyewe.

Nia ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba baraza la madiwani lina kazi ya kusimamia usalama wa wananchi, na kwamba kazi hiyo inaweza kuanza kwa sheria na fedha tulizonazo leo. Ninaposema kusimamia, simaanishi diwani awape askari amri. Namaanisha baraza liulize kwa takwimu, lisikilize jibu, halafu na lenyewe lijibu kwa yale yaliyo mikononi mwake. Nitaeleza kwa hoja tano.

Hoja ya kwanza: Wajibu umo katika sheria, ila hatujaupangia kikao

Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inataja majukumu ya serikali za mitaa, na mojawapo ni kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Sheria Na. 7 ya 1982 kwa mamlaka za wilaya, na Na. 8 ya mwaka huohuo kwa mamlaka za miji, zinaweka kudumisha amani na utulivu miongoni mwa kazi za msingi za halmashauri. Diwani anayesema usalama haumhusu, na asome upya alichokula kiapo kukitekeleza.

Sasa tazameni kamati zetu. Halmashauri ya kijiji ina kamati tatu za kudumu: Fedha na Mipango, Huduma za Jamii, na Ulinzi na Usalama. Panda hadi halmashauri ya wilaya. Utaikuta Fedha, Uongozi na Mipango. Utaikuta Elimu, Afya na Maji. Utaikuta Uchumi, Ujenzi na Mazingira. Ulinzi na usalama umeachwa kijijini.

Nitaambiwa kuna Kamati ya Usalama ya Wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya. Ni kweli, na kamati hiyo ina kazi yake na siri zake, wala siombi milango yake ifunguliwe. Lakini wizi wa ng'ombe, uporaji wa simu stendi, na mtoto aliyebakwa na jirani, si siri za taifa. Ni mambo yanayozungumzwa kisimani na kijiweni kila siku. Mahali pekee ambapo hayazungumzwi kwa utaratibu ni kwenye baraza la watu waliochaguliwa na wananchi walewale wanaoibiwa.

Historia inatufundisha nini hutokea ngazi hiyo ikikosekana. Serikali za mitaa zilifutwa 1972. Halmashauri za miji zikarudi 1978, na za wilaya zikarudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Katikati ya kipindi hicho, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, waliochoshwa na wizi wa mifugo na ujambazi wa silaha uliozidi baada ya vita vya Kagera, wakaunda sungusungu, vikundi vya ulinzi vya jadi. Sidai kwamba kukosekana kwa madiwani ndiko kulikozaa sungusungu; umaskini wa miaka ile na bunduki zilizozagaa vilitosha kuwa sababu. Nasema tu kwamba wananchi walipotafuta pa kupeleka kilio chao, hawakukuta baraza la kuwasikiliza, wakachukua pinde na mishale yao.

Hoja ya pili: Takwimu zishuke hadi kwenye kata

Huwezi kusimamia usichokihesabu. Jeshi la Polisi hutoa taarifa za hali ya uhalifu kwa mikoa ya kipolisi, na hapo ndipo diwani anapopotea, kwa sababu mikoa hiyo haifuati mipaka ya halmashauri. Chukueni Dar es Salaam. Ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam lililo Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mikoa ya kipolisi ni mitatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Diwani wa Kigamboni anayetaka kujua kama unyang'anyi umepungua kwake anakuta kata yake imemezwa ndani ya Temeke. Kule Mara, Tarime na Rorya ni mkoa wa kipolisi peke yake, lakini ni halmashauri zaidi ya moja.

Kushusha takwimu hizo hadi kwenye kata kunawezekana, maana kutangaza takwimu eneo kwa eneo si jambo geni. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutangaza kila robo mwaka majaribio ya ulaghai wa simu, zile meseji za "hiyo hela tuma kwenye namba hii", mkoa kwa mkoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa mara kwa mara kuongoza. Sijasikia aliyedhurika kwa takwimu hizo kujulikana. Na tangu Jeshi la Polisi lianze kupeleka wakaguzi kwenye kata, mtu wa kuzitoa takwimu za kata yupo, na wengi wenu mna namba yake ya simu.

Ila takwimu zina mitego, na nitaje mitatu.

Mtego wa kwanza ni kuhesabu matukio bila kuhesabu watu. Tuseme kata moja ya mjini ina wakazi 60,000 na matukio 40 ya uvunjaji wa nyumba kwa mwaka, na kata ya pembezoni ina wakazi 8,000 na matukio 15. Redio itaitangaza ya mjini. Lakini kwa kila wakazi 10,000, ya mjini ina matukio takriban 7 na ya pembezoni takriban 19. Doria inapaswa kuelekea wapi? Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na idadi ya kila kata inajulikana. Kugawanya hakuhitaji mtaalamu kutoka wizarani.

Mtego wa pili ni kudhani taarifa zikiongezeka uhalifu umeongezeka. Dawati la Jinsia na Watoto likifunguliwa kituoni, na mama akapokelewa na askari wa kike ndani ya chumba chenye mlango, badala ya kuhojiwa kaunta mbele ya watu, kesi za ukatili zitapanda mwaka huohuo. Kupanda huko ni dalili ya imani. Baraza lisilojua hilo litamlaumu mkuu wa kituo aliyefanya vizuri, na mwakani atajifunza kupunguza karatasi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kata inayoficha maradhi yake haitapata dawa.

Mtego wa tatu umo kwenye daftari. Nendeni ofisi ya mtendaji wa mtaa mkaombe daftari la matukio. Mara nyingi ni kaunta buku la jalada gumu, limechorwa kwa rula nafasi nne: tarehe, mlalamikaji, tukio, hatua iliyochukuliwa. Someni ile nafasi ya nne. Mbuzi wawili wameibwa: "amepewa barua kwenda polisi." Ugomvi wa mpaka wa kiwanja: "wameitwa Jumatatu." Mke kapigwa na mumewe: "wamesuluhishwa." Geuzeni kurasa kadhaa, mama yuleyule: "wamesuluhishwa." Mbele kidogo, tena. Kwenye takwimu za polisi mama huyo hayupo, kwa sababu hakuwahi kupewa RB, namba ya taarifa yake kituoni, wala PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 uligundua kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikie miaka 15. Kama kata yako ina wanawake elfu kadhaa na taarifa inasema kesi mbili kwa mwaka, taarifa hiyo inakueleza habari za ofisi, haikuelezi habari za kata.

Kwa hiyo napendekeza madaftari mawili yasomwe pamoja kila robo mwaka, la polisi na la mtendaji, na tofauti kati yake iulizwe.

Hoja ya tatu: Halmashauri ianze kwa kujiuliza yenyewe

Hapa naomba maafisa wa polisi waliopo ukumbini wapumzike kidogo, maana zamu ni ya wenyeji wangu wa halmashauri.

Mwaka 1998 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uhalifu na Uvunjifu wa Amani. Kifungu chake cha 17 kinaitaka kila halmashauri, katika kila kazi inayoifanya, ifikirie uamuzi wake utaongeza au utapunguza uhalifu. Iwe ni maegesho, bustani au nyumba za kupanga, swali ni hilo. Nchi yetu ni tofauti na ile na sheria zetu ni tofauti, lakini swali lenyewe tunaweza kulitumia kesho asubuhi.

Tuanze na vileo. Sheria ya Vileo ya 1968 bado ndiyo inayotuongoza, na vibali viko kwenye mamlaka zetu. Naona Afisa Biashara anatabasamu; anajua ninapoelekea. Nani ameruhusu baa tatu zipakane na hosteli ya wasichana? Baa inayopiga muziki hadi alfajiri ina leseni ya aina gani? Kibali kinapoombwa upya, je, kuna anayeuliza polisi wa kata ni ugomvi mara ngapi umeanzia pale? Mapato ya leseni tunayapenda, lakini gharama ya kichwa kilichopasuliwa kwa chupa inalipwa na zahanati yetu wenyewe.

Twende kwenye mipango miji. Uchochoro usiopitika kwa gari, kiwanja kilichoachwa kichaka kwa miaka kumi kwa sababu mmiliki hajulikani, jengo lililoishia kwenye renta likawa maficho ya mateja: hayo yote yana faili ndani ya ofisi zetu. Taa za barabarani nazo. Tangu 2017 barabara nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, na ni rahisi kusema "hilo ni la TARURA." Sawa, lakini meneja wa TARURA tunamjua, na orodha ya taa zilizozimika karibu na stendi inaweza kuandaliwa na wenyeviti wa mitaa kwa usiku mmoja, wakiwa na kalamu na tochi.

Kisha vijana. Dar es Salaam ilitikiswa na makundi ya vijana waporaji, Panya Road, mwanzoni mwa 2015, na tena 2022. Mara zote mbili tulisikia sana habari za operesheni, na operesheni zilihitajika, maana watu walikatwa mapanga majumbani mwao. Lakini kati ya 2015 na 2022 ni mabaraza mangapi yalikaa kuuliza vijana wa miaka 14 hadi 20 wa kata zile walikuwa wapi saa za mchana? Walioacha shule wanajulikana kwa Afisa Elimu Kata. Walio kwenye mazingira hatarishi wanajulikana kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Sheria inatutaka tutenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, asilimia 4, 4 na 2. Ni nani amewahi kulinganisha ramani ya mikopo ile na ramani ya uporaji? Maafisa hao wote ni waajiriwa wa halmashauri. Polisi hatafuti mtoto aliyeacha darasa la sita, humkuta baadaye.

Hoja ya nne: Ulinzi shirikishi unahitaji msimamizi

Wananchi wetu hawajaacha usalama kwa polisi peke yao. Tuna mgambo, tuna sungusungu, tuna polisi jamii, tuna vijana wa ulinzi shirikishi wanaozunguka usiku na virungu na filimbi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, na vikundi vya ulinzi vya jadi vikapata uwezo wa kukamata. Hiyo ni nguvu ya dola iliyo mikononi mwa jirani yako, na kila nguvu ya dola inapaswa kuwa na wa kuihoji.

Kwanza fedha. Nyumba nyingi za mjini hulipa mchango wa ulinzi kila mwezi. Mchango unapitishwa mkutanoni, sawa. Je, stakabadhi inatolewa? Mapato na matumizi yanasomwa? Mlinzi aliyeumia doria anatibiwa na nani? Pasipo majibu, baada ya miezi sita wachangaji wanapungua, vijana wanakosa posho, na baadhi ya waliokuwa wakilinda wanaanza kudai "ya soda" kwa wapita njia.

Pili mipaka. Mlinzi wa mtaa ana uwezo wa kukamata na kumfikisha mtuhumiwa polisi. Hana uwezo wa kumhukumu. Kelele za "mwizi! mwizi!" zimeua watu wengi katika nchi hii, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakikimbilia daladala tu. Kila kifo cha namna hiyo kiingizwe kwenye taarifa ya kata kama mauaji, wala kisiandikwe kuwa "hasira za wananchi." Baraza liulize: doria ilikuwepo? Kituo cha polisi kiko umbali gani? Mwito ulipigwa saa ngapi, gari lilifika saa ngapi?

Tatu, usalama wa wanaotoa habari. Hatujasahau Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji na vitongoji na watendaji waliuawa kwa risasi, baadhi majumbani kwao, na Aprili 2017 askari wanane waliuawa siku moja. Wenyeviti wale waliuawa wakiwa viongozi wa ngazi ileile ninayoizungumzia leo. Kwa hiyo taarifa ya usalama inayokuja barazani iwe ya idadi, mahali na saa. Majina ya walalamikaji na mashahidi yabaki polisi. Mwenyekiti wa mtaa asilazimishwe kusimama hadharani na kutaja nyumba ya nani inauza bangi.

Hoja ya tano: Kuuliza si kuamuru

Najua maafisa wa polisi wamekuwa wakisubiri hoja hii. Hofu yao ina msingi. Polisi ni chombo cha Muungano. Mkuu wa polisi wa wilaya anawajibika kwa kamanda wa mkoa, na kamanda kwa Inspekta Jenerali. Tukimpa diwani uwezo wa kuelekeza nani akamatwe, tutakuwa tumeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Wapo tayari, na sitawatazama usoni, wanaopiga simu kituoni saa nne usiku kumtoa "kijana wetu." Hiyo ni kuingilia, na wakati mwingine ni rushwa. Usimamizi hufanyika mchana, kikaoni, kwa maandishi, na hauhusu kesi ya mtu mmoja.

Majirani na marafiki wamejaribu njia mbalimbali. Kenya, kwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, iliweka Mamlaka ya Polisi katika kila kaunti chini ya gavana au mjumbe wake, yenye wakuu wa usalama, wajumbe wa bunge la kaunti, na wawakilishi wa wanawake, vijana, wafanyabiashara na dini. Kwenye karatasi ni chombo kizuri sana. Katika kaunti nyingi kimebaki kwenye karatasi hiyohiyo, kwa mvutano wa nani anaamua na nani analipa. Uingereza ilichukua njia ndogo zaidi: sheria ya 2006 ikaitaka kila halmashauri iwe na kamati ya madiwani ya kuhoji jinsi vyombo vinavyoshirikiana kupunguza uhalifu. Kamati haiamuru. Inaomba takwimu, inaita wahusika waeleze, inaandika mapendekezo, na wahusika wanatakiwa kuyajibu.

Funzo ninalolipata ni kwamba chombo kikubwa kinachogombania madaraka hufa, na kikao kidogo chenye swali lililo wazi huishi. Hapa kwetu wananchi wanachanga matofali ya kituo cha polisi, halmashauri inatoa bati na saruji, na mara nyingine mafuta ya gari la doria. Aliyejenga kituo hana haki ya kukiamuru, lakini ana haki ya kuuliza kinafanya kazi saa ngapi na kina askari wangapi. Na mwananchi mwenye lalamiko dhidi ya askari aelekezwe panapostahili, kwa wakubwa wake au kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa katika taasisi za haki jinai. Mageuzi ya juu yana wenyewe. Ya kata ni yetu.

Tunakokwenda

Waheshimiwa, sikuja kuomba sheria mpya. Nimekuja na mapendekezo manne, na naomba yaingizwe kwenye ajenda za mkutano ujao wa robo mwaka.

La kwanza, Kamati ya Maendeleo ya Kata imwalike polisi wa kata katika kila kikao, na mtendaji aandae taarifa ya ukurasa mmoja: matukio kwa aina, kwa mtaa, kwa saa, kwa kila wakazi 10,000, yakilinganishwa na robo iliyopita na robo kama hiyo ya mwaka jana.

La pili, ukurasa huo uwe na sehemu mbili: polisi walifanya nini, na halmashauri ilifanya nini. Sehemu ya pili isiwe tupu.

La tatu, baraza liunde kamati ndogo ya madiwani ya kuunganisha taarifa za kata, ikiwa na Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Biashara na Afisa Mipango Miji mezani, na mkuu wa polisi wa wilaya aalikwe kwa barua ya heshima na maswali yaliyoandikwa wiki mbili kabla.

La nne, muhtasari usomwe kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, bila majina, na wananchi waulizwe kama unafanana na wanachokiona.

Robo ya kwanza takwimu zitakuwa chafu. Kata moja itasema haina uhalifu kabisa, nyingine itajaza karatasi nzima kwa wizi wa kuku. Msivunjike moyo. Kufikia robo ya nne mtakuwa na mwaka mzima wa kulinganisha, na bajeti inayofuata itaandaliwa mkijua taa zinahitajika wapi, leseni ipi isihuishwe, na ni mtaa gani unahitaji afisa ustawi kabla ya kuhitaji difenda ya polisi. Kata mbili zilizo tayari kujaribu zianze robo hii. Nyingine zitaiga zikiona inafaa. Mimi nimejitolea kukaa na watendaji wao kupanga fomu ya kwanza, na nitakuwa nje ya ukumbi kwenye chai kuandika majina.

Mwenyekiti, nimebakiza dakika tano kwa maswali.